Waganga na wauguzi wakishirikiana, wagonjwa wa akili hupata nafuu zaidi

Na Mwandishi Wetu

KATIKA familia nyingi za Afrika, mtu mzima anapoanza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, au kushikilia kwamba majirani wamepanga kumuua, safari ya kwanza mara nyingi huwa si ya hospitali. Huwa ni ya kwa mganga, kwa shehe au kwa mchungaji. Wapo wanaofika kwa daktari baada ya miezi mingi, na wengine baada ya miaka, wakiwa na makovu ya kamba au minyororo mikononi na miguuni.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi wa afya wameitazama safari hiyo kuwa ni kikwazo, na wamekuwa wakiihimiza jamii iachane nayo. Hata hivyo, utafiti uliofanyika nchini Nigeria na Ghana, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la tiba la The Lancet, ulionyesha njia nyingine. Badala ya kungoja mgonjwa aondoke kwa mganga ndipo aanze kutibiwa, mhudumu wa afya alimfuata hukohuko aliko, akashirikiana na mganga kumhudumia.

Baada ya miezi 6, wagonjwa waliohudumiwa kwa ushirikiano huo walikuwa na nafuu kubwa zaidi kuliko wenzao. Matokeo hayo yana uzito kwa nchi zetu, ambako madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache na waganga wako karibu katika kila kijiji na kila mtaa.

Ugonjwa wenyewe

Hali inayozungumziwa hapa kitaalamu huitwa saikosisi. Ni hali ambayo mtu hupoteza uwezo wa kutofautisha mambo halisi na yale yanayotengenezwa na akili yake. Husikia sauti zisizokuwapo, huwa na imani zisizobadilika hata aonyeshwe ushahidi gani, na mazungumzo yake hukosa mtiririko. Mara nyingi mgonjwa hajioni kuwa ni mgonjwa, na hapo ndipo ugumu wa kumsaidia unapoanzia.

Saikosisi inaweza kutokana na maradhi mbalimbali. Linalofahamika zaidi ni skizofrenia, ambalo kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) humpata takriban mtu 1 kati ya kila watu 300 duniani. Kwa kawaida huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, yaani wakati ambao mtu anamaliza masomo, anaanza kazi au anafunga ndoa. Maradhi mengine ni yale yanayompandisha mtu hisia kupita kiasi kisha kumshusha, sonona kali, na matumizi ya bangi na vileo.

WHO inaeleza kuwa watu wenye skizofrenia wamo katika hatari ya kufa mapema mara 2 hadi 3 zaidi ya watu wengine. Wengi wao hawauawi na ugonjwa wa akili wenyewe, bali na magonjwa ya kawaida kama ya moyo, kisukari na maambukizo, ambayo hayakugunduliwa au hayakutibiwa kwa sababu aliyekuwa akilalamika alichukuliwa kuwa ni mwendawazimu tu.

Dawa za kutuliza saikosisi zipo tangu mwaka 1952, ilipoanza kutumika dawa ya klopromazini nchini Ufaransa. Nyingine, kama haloperidoli na sindano ya flufenazini inayodungwa mara moja kila baada ya wiki kadhaa, si za bei kubwa na zimo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Pamoja na hayo, ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2022 kuhusu afya ya akili ilisema kuwa asilimia 71 ya watu wenye saikosisi duniani hawapati huduma za afya ya akili. Tafiti nyingi zimeonyesha pia kwamba kadiri mgonjwa anavyokaa muda mrefu bila dawa tangu dalili zianze, ndivyo uwezekano wa kupata nafuu kamili unavyopungua.

Kwa nini mganga kwanza

Wapo wanaodhani kuwa familia humpeleka mgonjwa kwa mganga kwa ujinga tu. Ukweli hauko hivyo. Mtu anaposema anazungumza na wasioonekana, maelezo yaliyo karibu zaidi katika jamii ni kwamba amerogwa, amepandwa na majini au mizimu inadai haki yake. Maelezo hayo yana tiba zake: mwenye majini husomewa dua na kunyweshwa kombe, mwingine huombewa kwa kufunga, na mwingine huchanjwa na kufukizwa.

Aidha, mganga yuko karibu, anafahamika, anazungumza lugha ya mgonjwa na ana muda wa kusikiliza. Wengine hukubali kumlaza mgonjwa nyumbani kwao kwa wiki au miezi, jambo ambalo kituo cha afya hakiwezi. Zaidi ya hayo, kurogwa si aibu kwa ukoo kama lilivyo neno kichaa.

Hata katika miji mikubwa waganga wana wateja wengi wenye matatizo ya akili. Utafiti uliofanyika jijini Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 uliwachunguza watu waliokwenda katika kliniki za kawaida na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Haukuhusu saikosisi, bali matatizo yaliyo mepesi zaidi kama sonona na wasiwasi. Ulibaini kuwa asilimia 24 ya waliokuwa katika kliniki walikuwa na matatizo hayo, wakati kwa waganga walikuwa asilimia 48, yaani mara mbili.

Utafiti wa Ibadan na Kumasi

Utafiti wa Nigeria na Ghana uliongozwa na Profesa Oye Gureje wa Chuo Kikuu cha Ibadan. Ulifanyika katika maeneo ya Ibadan, Nigeria, na Kumasi, Ghana, ukiwahusu watu wazima wenye saikosisi waliokuwa wameingizwa karibuni katika makazi ya waganga wa jadi na katika vituo vya maombezi.

Watafiti walipanga makundi 51, kila moja likiwa na zahanati au kituo cha afya pamoja na waganga walio jirani nacho. Kwa kura, makundi 26 yaliwekwa katika utaratibu wa ushirikiano na 25 yakaendelea na huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Wagonjwa walioandikishwa walikuwa 307, yaani 166 katika upande wa ushirikiano na 141 katika upande wa pili. Uandikishaji ulifanyika kati ya Septemba 2016 na Mei 2017.

Katika upande wa ushirikiano, mganga hakuambiwa aache kazi yake wala imani yake. Yeye na mhudumu wa afya walifundishwa namna ya kufanya kazi pamoja. Mhudumu wa afya alikwenda kwenye makazi ya mganga, akampima mgonjwa, akatoa dawa, akafuatilia maendeleo yake na kuyashughulikia maradhi mengine ya mwili. Mganga aliendelea na dua au tambiko lake, lakini alitakiwa kuacha yale yanayomdhuru mgonjwa, kama vile kumfunga minyororo, kumpiga na kumnyima chakula.

Ukali wa dalili ulipimwa kwa kipimo kiitwacho PANSS, ambacho alama zake huanzia 30 hadi 210, na kadiri alama zinavyokuwa nyingi ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Mwanzoni pande zote mbili zilikuwa karibu sawa: wastani wa alama 107.3 kwa upande wa ushirikiano na 108.9 kwa upande wa huduma ya kawaida. Baada ya miezi 6, upande wa ushirikiano ulikuwa umeshuka hadi alama 53.4, wakati upande wa pili ulifikia 67.6. Waliowapima wagonjwa hawakuambiwa nani yuko upande upi, ili wasipendelee.

Ni vyema kuzingatia kuwa pande zote mbili zilipata nafuu. Tofauti kati yao ndiyo inayohesabiwa kuwa ni faida ya ushirikiano, nayo ilikuwa takriban alama 15 baada ya mahesabu ya kitaalamu.

Kuhusu mateso, mwanzoni asilimia 57 ya wagonjwa wa upande wa ushirikiano walikuwa wamefanyiwa vitendo vyenye madhara. Baada ya miezi 6 idadi ilishuka hadi asilimia 9. Katika upande wa pili ilishuka kutoka asilimia 42 hadi 10. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba ni ushirikiano pekee ulioyapunguza.

Gharama nazo zilipimwa. Jumla ya gharama kwa mgonjwa mmoja katika miezi hiyo 6 ilikuwa dola 627 za Marekani kwa upande wa ushirikiano na dola 526 kwa upande wa huduma ya kawaida. Utaratibu huo basi si wa bure, ingawa kufikia mwisho wa miezi 6 gharama katika upande wa ushirikiano zilikuwa zimepungua zaidi kuliko upande wa pili. Wagonjwa 5 walipata madhara madogo ya dawa yanayohusu misuli na mwendo.

Minyororo haikufunguliwa na vidonge

Umuhimu wa kumshirikisha mwenye makazi, badala ya kuleta dawa peke yake, unaonekana wazi katika utafiti mwingine wa Ghana uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la madaktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza. Utafiti huo ulifanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ghana wakiongozwa na Angela Ofori-Atta, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.

Watafiti hao walikwenda katika kambi moja ya maombi, ambako wagonjwa huombewa na kufungishwa swaumu, na baadhi hufungwa minyororo. Wagonjwa 139 waligawanywa kwa kura: wote waliendelea na maombi ya kambi, lakini kundi moja lilipewa pia dawa za hospitali kwa muda wa wiki 6. Waliopewa dawa walipungukiwa na dalili kwa kiasi cha kuridhisha kuliko wenzao. Lakini siku walizokaa katika minyororo hazikutofautiana na za wale wasiopewa dawa.

Fundisho lake ni zito. Mgonjwa alipata nafuu, akabaki amefungwa. Dawa hutuliza sauti kichwani, lakini mnyororo hufunguliwa na mwenye ufunguo, naye ni lazima awe sehemu ya matibabu.

Tatizo hilo si la Ghana pekee. Ripoti ya shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilieleza kuwa watu wenye matatizo ya akili hufungwa minyororo au kufungiwa ndani katika nchi takriban 60 duniani, Kenya ikiwa miongoni mwake. Wengi hufungwa na jamaa zao wenyewe, ambao hawakuona njia nyingine ya kumzuia mtu wao asipotee au asijidhuru.

Zahanati nayo inaweza

Swali linalofuata ni iwapo mhudumu wa kawaida wa kituo cha afya, asiye bingwa, anaweza kuaminiwa na ugonjwa mzito kiasi hiki. Jibu limetolewa nchini Ethiopia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia watu 329 wenye magonjwa makali ya akili katika maeneo ya vijijini kusini mwa Addis Ababa. Baadhi walihudumiwa katika vituo vya afya vya karibu na wahudumu waliopewa mafunzo mafupi, na wengine wakaendelea na kliniki ya hospitali inayoendeshwa na wauguzi waliosomea magonjwa ya akili. Baada ya miezi 12, hali za waliohudumiwa karibu na nyumbani hazikuwa duni kuliko za wale wa hospitali.

Mwaka huohuo, utafiti mwingine wa Ethiopia katika wilaya ya Sodo ulihusu watu 166 wenye skizofrenia. Mbali ya dawa za kituo cha afya, baadhi yao walitembelewa nyumbani na watu wa kawaida waliofundishwa, ambao waliisaidia familia kuuelewa ugonjwa, wakamsaidia mgonjwa kurejea katika kazi za nyumbani na shambani, na wakazungumza na viongozi wa kijiji. Baada ya mwaka mmoja, waliotembelewa walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kujimudu katika maisha ya kila siku.

Mafunzo ya wahudumu wasio mabingwa hufuata mwongozo wa WHO uitwao mhGAP, ambao mpango wake ulizinduliwa mwaka 2008.

Hali ya Tanzania na Kenya

Huduma za magonjwa ya akili katika Afrika Mashariki zilianza kwa majengo makubwa ya kuwatenga wagonjwa. Mathari ya jijini Nairobi ilianza mwaka 1910, na Mirembe ya Dodoma mwaka 1927. Hadi leo kwa watu wengi jina la Mirembe ni jina la ugonjwa, na kumwambia mtu aende huko ni tusi. Ni vigumu kwa familia kukubali matibabu yanayoanzia mahali penye jina la namna hiyo.

Hata hivyo, misingi ya kuleta huduma karibu ipo. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Kadhalika, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kuwasajili waganga. Mganga aliyesajiliwa anajulikana alipo, na ndiye anayeweza kufikiwa na muuguzi wa zahanati ya jirani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na wenzao wa Marekani wamefanya majaribio ya mpango uitwao Kuwezeshana Kupata Uzima, jijini Dar es Salaam na Mbeya, ambao huwakutanisha wagonjwa wa saikosisi na ndugu zao ili wajifunze pamoja namna ya kuishi na ugonjwa huo.

Nchini Kenya, watafiti wa taasisi iliyoanzishwa na Profesa David Ndetei waliwakutanisha waganga wa jadi, wachungaji na maofisa wa afya katika Kaunti ya Makueni, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Pande zote zilikuwa na lawama dhidi ya wenzao, lakini zilikubali kuwa zinaweza kupelekeana wagonjwa. Sheria ya Kenya ya afya ya akili nayo ilirekebishwa mwaka 2022, ikasisitiza zaidi haki za mgonjwa.

Yasiyothibitishwa

Ni lazima matokeo haya yasomwe kwa uangalifu. Utafiti wa Ibadan na Kumasi haukuthibitisha kuwa mizizi, kombe au maombi huponya skizofrenia. Kilichopimwa ni ushirikiano, na ndani ya ushirikiano huo zilikuwamo dawa za hospitali. Pia ufuatiliaji ulikuwa wa miezi 6 tu, ilhali skizofrenia huweza kudumu kwa miaka mingi.

Vilevile utafiti ulitegemea waganga waliokubali kushiriki. Yule anayemkataza mgonjwa kumeza dawa, au anayempiga ili kumtoa pepo, hawezi kuhesabiwa kuwa mshirika. Kumfunga na kumpiga mgonjwa ni ukatili, awe anayefanya ni mganga, ndugu au mlinzi wa hospitali.

Yanayoipasa familia kujua

Si kila anayeweweseka ana ugonjwa wa akili. Homa kali, hasa malaria iliyopanda kichwani, maambukizo ya ubongo na kuacha pombe ghafla kwa mlevi wa muda mrefu vinaweza kumfanya mtu azungumze ovyo ndani ya saa chache. Huyo ni mgonjwa wa dharura na apelekwe hospitali mara moja. Hali kadhalika mama aliyejifungua karibuni akibadilika ghafla, na mtu yeyote anayezungumzia kujiua.

Dawa za saikosisi huchukua siku hadi wiki kuonyesha matokeo, na zinapaswa kuendelea hata mgonjwa anapoonekana amepona. Kuziacha bila ushauri ni sababu kubwa ya ugonjwa kurudi. Zinaweza kuleta usingizi, kutetemeka, kukakamaa kwa misuli au kuongezeka uzito. Dalili hizo aelezwe mtabibu, naye anaweza kupunguza kiwango au kubadili dawa.

Familia inayoendelea na dua, maombi au dawa za miti shamba isimfiche mtabibu. Baadhi ya miti shamba inaweza kugongana na dawa za hospitali, na mtabibu asiyeambiwa hawezi kumkinga mgonjwa. Mtabibu naye asimkaripie ndugu aliyeanzia kwa mganga, kwani anayekaripiwa leo kesho harudi.

Siku moja iliyookolewa kati ya dalili ya kwanza na dozi ya kwanza ina thamani kwa mgonjwa. Kwa kuwa familia nyingi zitaendelea kupita kwa mganga, kazi iliyo mbele ya waganga wakuu wa wilaya na wahudumu wao ni kuhakikisha kwamba mgonjwa akifika huko, dawa nayo inamfikia, na mnyororo haumfikii.